Mafundi wa Brashi na Waimpreshonisti: Anders Zorn wa Stockholm, na Swali Linalotuhusu Sisi



Naomba nianze na kisa cha wizi. Jioni ya tarehe 22 Desemba 2000, muda mfupi kabla ya milango kufungwa, watu wenye silaha waliingia Nationalmuseum, lile jumba kubwa la sanaa lililopo Blasieholmen hapa Stockholm. Wakati huohuo magari yalikuwa yakiwaka moto sehemu nyingine za mji ili polisi wachanganyikiwe. Wezi wakabeba picha tatu, wakatoka, wakaingia kwenye boti iliyokuwa ikiwangoja majini mbele ya jumba, wakatokomea. Picha moja ilikuwa ya Rembrandt, mbili za Renoir. Moja ya Renoir ilipatikana mwaka 2001. Ya pili, na ile ya Rembrandt, zikapatikana mwaka 2005, moja Marekani na nyingine Copenhagen.

Kisa hiki kimesimuliwa sana hapa, na kila mtu anakumbuka ile boti. Mimi kilichonikaa akilini ni jambo jingine. Jumba hilohilo lina kazi za Anders Zorn, mchoraji ambaye miaka mia moja kabla ya wizi ule alikuwa miongoni mwa watu maarufu kabisa wa sanaa duniani. Marais wa Marekani walikaa mbele yake wachorwe. Wezi hawakumgusa. Mwizi wa picha, jamani, ni mhakiki wa aina yake: anasoma historia ya sanaa kwa kufuata bei. Na historia waliyoisoma wale iliwaambia kwamba mwisho wa karne ya 19 mtu wa kuiba ni Mwimpreshonisti.

Hebu tujiulize basi: historia hiyo iliandikwaje? Na sisi watu wa Kiswahili inatuhusu nini? Nitafika huko, naomba subira.

Zorn alizaliwa Mora, katika jimbo la Dalarna, mwezi Februari 1860. Mama yake alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha bia. Baba yake alikuwa Mjerumani, mtengeneza bia, na mtoto hakupata kumwona hata siku moja. Alilelewa kijijini kwa babu na bibi. Akiwa na miaka 15, mwaka 1875, akaingia Akademia ya Sanaa hapa Stockholm. Mwaka 1880, katika maonyesho ya wanafunzi, akaonyesha picha ya rangi za maji ya mwanamke kijana aliye katika msiba, uso wake nyuma ya shela jeusi. Ukijua kazi ya rangi za maji utaelewa kwa nini watu walishtuka. Rangi ya mafuta unaweza kuikwangua ukarudia. Rangi ya maji ikishagusa karatasi, basi tena. Kuchora ngozi ya uso inayoonekana kupitia kitambaa chepesi, kwa rangi za maji, ni sawa na mtu kutunga shairi papo hapo mbele ya hadhira bila kupoteza kina hata kimoja.

Mwaka uliofuata alikosana na wakuu wa Akademia akaondoka. Akaishi London, akasafiri Hispania na sehemu nyingine, kisha kuanzia 1888 akakaa Paris hadi 1896. Huko St Ives, Uingereza, alianza kushika rangi za mafuta kwa dhati, na picha yake ya mvuvi ya mwaka 1888 ikanunuliwa na serikali ya Ufaransa. Mwaka 1893 alikwenda Chicago kusimamia sehemu ya sanaa ya Sweden katika maonyesho makubwa ya dunia, na safari za Marekani zikafuata moja baada ya nyingine. Alimchora Rais Cleveland mwaka 1899, akamchora Taft mwaka 1911, na Theodore Roosevelt akamtia kwenye bamba la shaba kwa sindano na tindikali. Alifariki Agosti 1920, tajiri, na mali yake yeye na mkewe Emma waliiachia taifa. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Mora mwaka 1939.

Zorn hakuwa peke yake. Wanahistoria hupenda kumweka pamoja na wenziwe wawili: John Singer Sargent, Mmarekani aliyezaliwa Florence mwaka 1856, na Joaquín Sorolla wa Valencia, aliyezaliwa 1863. Wote watatu walifariki katika muda wa miaka mitano: Zorn 1920, Sorolla 1923, Sargent 1925. Wote watatu walimtazama sana Velázquez, yule bwana mkubwa wa Hispania wa karne ya 17, na kutoka kwake wakapata elimu moja: mpigo mmoja wa brashi, ukiwekwa mahali pake, unaweza kuwa kitambaa, unaweza kuwa jicho, unaweza kuwa mng'aro wa pete. Ukiusogelea unaona rangi tupu iliyovurugwa. Ukirudi hatua nne nyuma, pete inang'aa. Kwa Kiswahili sina jina bora la watu hawa kuliko mafundi. Mafundi wa brashi.

Sasa basi, tofauti yao na Waimpreshonisti ni ipi? Watu wengi wakiona picha ya Zorn au Sorolla husema moja kwa moja, "Aa, hii Impreshonisti." Nami nilikuwa nikisema hivyo. Brashi iko huru, mwanga umejaa, watu wako nje, maji yanametameta. Kosa linaeleweka. Lakini hapa Stockholm tuna bahati, maana somo unaweza kulipata kwa miguu yako mwenyewe ndani ya jumba moja.

Nationalmuseum ina picha ya Renoir ya mwaka 1869 iitwayo La Grenouillère. Ni mahali pa kuogelea na kustarehe kando ya mto Seine, karibu na Paris. Renoir na Monet, vijana wawili wasio na hela, walikwenda kuchora mahali hapo pamoja, na picha zao zinafanana kama ndugu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1874, wao na wenzao wakafungua maonyesho yao ya kwanza katika studio iliyokuwa ya mpigapicha Nadar, na kutokana na jina la picha moja ya Monet wakabandikwa jina la dhihaka ambalo leo ni jina la heshima. Walifanya maonyesho manane kwa jumla, ya mwisho mwaka 1886.

Tazama maji ya Renoir. Ni vipande vifupi vya rangi, vimepangwa kimoja kando ya kingine, vingine vya kijani, vingine vya samawati, vingine vyeupe. Havikuchanganywa sana kwenye ubao wa rangi. Jicho lako ndilo linalovichanganya. Watu waliosimama kwenye kile kisiwa kidogo nao ni vipande vya rangi kama maji yenyewe. Mwanga hauchagui: unamtendea binadamu kama unavyolitendea jani. Hapo ndipo penye mapinduzi. Kinachochorwa ni kule kuona kwenyewe.

Halafu mtafute Zorn wa mwaka 1897, Midsommardans, ngoma ya usiku wa Juni huko Mora. Jua limeshuka au linakaribia kupanda, maana kule mwezi huo usiku ni jina tu. Wanandoa na vijana wanacheza kwenye nyasi, sketi zinazunguka, madirisha ya nyumba yameshika wekundu wa mbingu. Brashi inakwenda mbio kupita hata ya Renoir. Lakini angalia chini ya mbio hizo: kila mwili una uzito, kila mguu unajua ardhi ilipo. Ukifunga jicho nusu, giza na mwanga vimepangwa kama hesabu. Zorn anauona mwanga sawasawa na Renoir, ila hamruhusu mwanga aimeze mifupa.

Na rangi zenyewe? Waimpreshonisti walijitahidi kuuweka kando mweusi, wakijaza vivuli kwa samawati na zambarau. Zorn ana sifa ya kufanya kazi nyingi kwa rangi nne tu: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, na nyeusi. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi kwamba hadi leo wanafunzi wa uchoraji duniani wanazifanyia mazoezi rangi hizo nne kwa jina lake. Weusi ukichanganywa na weupe, ukiwekwa karibu na wekundu, jicho linausoma kama samawati. Mtu anaweza kuiona bahari pale ambapo hakuna hata tone la buluu! Mwimpreshonisti anapanua idadi ya rangi ili aufikie mwanga. Fundi anaipunguza, kisha anaufikia mwanga huohuo kwa njia ya mlango wa nyuma.

Msije mkadhani kwamba watu hawa walikuwa mahasimu. Sargent alikuwa rafiki wa Monet. Alimchora akiwa anachora pembezoni mwa msitu, akanunua picha zake, na mwishoni mwa miaka ya 1880 Monet alipoanzisha mchango ili Olympia ya Manet inunuliwe kwa ajili ya taifa la Ufaransa, Sargent alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Picha yake ya watoto wawili na taa za karatasi bustanini aliichora nje miezi ya mwisho ya 1885 na tena 1886, kila jioni kwa dakika chache tu ambazo mwanga ulikuwa wa rangi aliyoitaka. Kuna Mwimpreshonisti gani aliyekuwa na subira zaidi ya hiyo? Walisomana, walisaidiana. Ukuta kati yao ulijengwa baadaye, na waliojenga hawakuwa wachoraji.

Ulijengwaje? Waimpreshonisti walipata wafanyabiashara waliowaamini, hasa Paul Durand-Ruel, ambaye mwaka 1886 alipeleka picha zao New York akafungua soko. Fundi kwa upande wake aliishi kwa kuagizwa: tajiri anataka picha ya mkewe, analipa, anaitundika nyumbani. Picha ya Monet ikauzwa, ikauzwa tena, kila mara bei na jina vikipanda. Picha ya Bi. Fulani wa Boston ikabaki ukumbini kwa wajukuu wa Bi. Fulani. Halafu wakaja wahakiki. Roger Fry wa Uingereza, mtu aliyewapigania Cézanne na wenzake, alimshambulia Sargent kwa ukali baada ya kifo chake, wakati wa maonyesho ya kumbukumbu London mwaka 1926. Mwaka 1936 Alfred Barr wa jumba la sanaa ya kisasa la New York akachora ramani maarufu ya mishale: huyu akamzaa yule, yule akamzaa huyu, mpaka kwenye sanaa dhahania. Katika mishale hiyo hakuna Sargent, hakuna Sorolla, hakuna Zorn. Hawakumzaa mtu. Na katika historia ya mishale, asiyezaa hana jina.

Stockholm yenyewe ina kisa kinachotuonya tusiwe na haraka ya kutoa hukumu. Mwaka 1885 wasanii 84 wa Sweden, wengi wao wakiwa wamekaa Ufaransa, waliiandikia Akademia wakidai mageuzi. Wakaitwa Wapinzani. Kiongozi wao alikuwa Ernst Josephson. Picha yake kubwa ya Strömkarlen, yule jini wa mtoni anayepiga fidla kwenye maporomoko, ilikataliwa na Nationalmuseum. Mwana wa mfalme, Eugen, ambaye naye alikuwa mchoraji, akainunua, akaifanya sehemu ya ukuta wa nyumba yake ya Waldemarsudde, na iko pale hadi leo. Ukienda kuitazama utaona kwamba yule kiongozi wa waasi hachori kama Monet hata kidogo. Mwasi wa Stockholm hakulazimika kuwa Mwimpreshonisti. Mishale ya Barr haina nafasi ya mtu kama huyo pia.

Nitakuwa nimewadanganya nikisema mafundi hawakuwa na kosa. Wepesi wa mkono ni mtego. Zorn ana picha za matajiri ambazo hariri inang'aa na mtu ndani ya hariri hayupo. Ana picha za wanawake waogao ambazo baada ya ile ya kumi unahisi mkono unajifurahisha wenyewe. Monet akishindwa, unaona mtu anayetafuta. Fundi akishindwa, hata haionekani kwamba ameshindwa, na hiyo ndiyo hatari. Fry hakuwa mjinga. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kuuchukua ustadi wenyewe kuwa ushahidi wa utupu. Huyohuyo Zorn mwaka 1890 alichora wanawake wa kiwanda cha bia wakiwa kazini, safu kwa safu, ndani ya mvuke na nuru hafifu. Mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha bia alijua anachokitazama. Mwaka 1886 alichora wavunaji wa Mora, na mbele yao mwanamke mzee ameketi kwenye moto akipika chakula chao. Aliyekaa kuchorwa ni mama yake mwenyewe. Akaiita Mkate Wetu wa Kila Siku. Ustadi ule haukumzuia kuona.

Sasa nifike nyumbani.

Wakati wa masomo yangu, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, tulifundishwa historia ya ushairi wa Kiswahili kwa mishale. Kwanza wapo wa mapokeo: vina, mizani, vituo. Halafu, miaka ya 1970, wakaja wa mabadiliko, Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, kisha Mulokozi na Kahigi na wenzao, wakavunja mnyororo, na ushairi ukawa huru. Mwalimu wetu alilitamka neno "huru" kwa namna ambayo kila aliyekuwa akihesabu mizani chini ya dawati, nami nikiwa mmojawapo, alijiona kama amekutwa na kitu cha aibu. Babu yangu alikuwa akitunga. Kwa miaka mingi sikuwahi kumwambia mtu.

Upande wa pili nao, tuseme kweli, ulikuwa na ukali wake. Walikuwepo waliosema tungo bila vina si shairi, ni insha iliyokatwakatwa. Wakafungua kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga kana kwamba ni hati ya mashtaka. Kwa hiyo ugomvi wetu ulikuwa ndio uleule wa Paris na Stockholm, ila wetu ulikwenda kwa silabi.

Lakini hebu tazama mfano mmoja tu unaovuruga mishale yote. Abdilatif Abdalla aliitunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya, kati ya 1969 na 1972. Hakuna aliyekuwa mpinzani kumshinda. Alifungwa kwa sababu ya maneno yake. Na diwani hiyo, iliyotoka mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi, imefungwa katika vina na mizani kwa ustadi ambao Muyaka bin Haji mwenyewe angeutambua. Sasa huyu tumweke wapi? Kwa kipimo cha mishale, umbo la kale ni fikra ya kale. Kumbe mtu anaweza kubeba moto mpya katika chungu cha mababu, na chungu kisipasuke. Wala hilo halimpunguzii Kezilahabi chochote: yeye alihitaji chungu kingine, akakifinyanga. Kama vile Monet alivyomhitaji Sargent awe rafiki wala hakumhitaji awe Monet.

Lugha yetu ina neno fundi, na tazameni linavyotuponyoka. Tukitaka kusifu tunasema "huyu fundi kwelikweli". Tukitaka kudharau tunasema "aa, yule ni fundi tu". Milango ya Lamu na Unguja imo katika vitabu na majumba ya makumbusho, na mara nyingi maelezo yanatoa mahali na karne, jina la aliyechonga halipo. Alikuwa fundi tu.

Hapa Sweden mambo yamebadilika kidogo. Mwaka 2010 picha ya Zorn ya rangi za maji ya mwaka 1886, mwanamke akingoja mashua kwenye gati ya Dalarö, iliuzwa mnadani Stockholm kwa kronor milioni 26. Mwaka 2017 Petit Palais ya Paris ilimfanyia maonyesho makubwa, na Nationalmuseum yenyewe mwaka 2021. Pengine mwizi wa kesho atapanga boti upya. Mimi sifurahii bei. Bei hupanda na kushuka. Ninachofurahia ni kwamba walikuwepo watu, hasa kule Mora, waliotunza picha zile miaka yote ambayo mishale haikuwaelekea, hivyo dunia ilipogeuza shingo ilikuta kitu cha kutazama.

Je, sisi tumetunza? Tungo za wazee wetu zimo kwenye madaftari, kwenye kanda za kaseti zinazooza, kwenye masanduku Mombasa, Tanga, Pemba, na mengine huku tuliko, chini ya vitanda vya Stockholm na Muscat. La babu yangu lilikuwa daftari la mistari lenye jalada la bluu. Nilipokwenda kuliulizia, niliambiwa kurasa zake zilikwisha zamani, zilifungiwa karanga.

Mwenye la babu yake asingoje mhakiki aje kumwambia kama lina thamani. Alifungue leo, alinakili, aandike jina la mtunzi juu.

Wasalaam.